Karani Aliyejua Salamu Moja

Mama yangu mdogo alikuwa akimsifu karani kila jioni. "Hawa watu waliotoka Kenya wote wana shingo ngumu," alikuwa akisema, kwa Kiturkana, maana Kiswahili hakukijua, na Kenya kwetu siku hizo ilikuwa ni huko chini ng'ambo ya milima, utadhani sisi tulikuwa nchi nyingine. "Wanakupita kama unavyopita jiwe. Lakini yule kijana wa ofisi ana adabu. Ananiona nimebeba maji, ananisalimu, ejok. Mama yake alimlea." Mimi nilikuwa nakoroga uji, nimenyamaza. Nilijua vizuri karani alikuwa akimwambia nini baada ya ile ejok, kwa sababu mimi nilisoma mpaka darasa la tano na yeye hakusoma hata siku moja.

Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Nilinyamaza miezi mingapi? Nadhani mitano. Inawezekana sita. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, na mahali nilipokosea nitasema nilikosea.

Tabia ya kuandika niliipata Lodwar. Msista aliyetufundisha alinipa daftari siku nilipoacha shule, akaniambia niandike nilichoona kwa macho yangu, na nikiandika baya la mtu, niandike na zuri lake la siku hiyo. Msista yule alikuwa mtu mwema na sheria yake imenitesa maisha yangu yote. Kuna watu ambao zuri lao la siku nililitafuta mpaka uji ukaungua.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa hapo hapo Lodwar, kuosha chupa na kutafsiri kwenye dispensari. Kutoka nyumbani nilipita mbele ya maduka, na mbele ya maduka kulikuwa na benchi. Serikali ilikuwa na ofisi mbili Lodwar wakati huo, ile yenye bendera na ile ya benchi, na ya benchi ndiyo iliyofunguliwa mapema. Wakubwa wa benchi walikuwa watu wa ofisini waliohamishiwa kwetu kama adhabu, au waliamini hivyo. Asubuhi walilaani jua, mchana walilaani vumbi, jioni wakasema Turkana hakuna watu. Kisha wakakaa barazani mpaka giza kuwatazama hao watu ambao hawako.

Waliita kwa kufyonza meno, ksss, ksss. Sauti ile mimi niliizoea kwa mbuzi, kwa hiyo siku za kwanza nilikuwa nageuka kutafuta mbuzi wa nani kapotea. Wao wakafikiri ninawageukia wao. Nimeandika katika daftari la mwaka ule: "Leo wameniita tena. Nimegeuka. Kosa langu." Leo nikisoma mstari huo nataka kumchapa yule msichana aliyeuandika, lakini nitauacha kama ulivyo.

Halafu nikapelekwa Kakuma. Dispensari ilikuwa mpya, mganga tuliyemwita daktari hakujua Kiturkana, akataka mtu wa kutafsiri. Nilipanda juu ya magunia ya posho kwenye lori, nikashuka Kakuma nikiwa mweupe kama mzungu kwa vumbi, nikaenda kukaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Kakuma ilikuwa mtaa mmoja wa maduka, ofisi, kituo cha polisi, misheni, na mto wa mchanga ambao wanawake walichimba ndani yake visima vya maji. Nikasema moyoni, mji mdogo hivi hauwezi kuwa na benchi. Benchi lilikuwepo. Nadhani hao watu wakija huwa wanalibeba ndani ya sanduku.

La Kakuma lilikuwa barazani kwa duka ambalo kila mwanamke alipaswa kulipita akitoka mtoni na maji. Mwenye duka hakuwa na ubaya. Alitaka watu wanywe soda zake, na watu wakikaa wanakunywa. Waliokaa kila siku walikuwa wawili, wengine walikuja na kwenda. Mmoja alikuwa karani wa ofisi ya tarafa, kijana wa kutoka chini, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyama. Mwingine alikuwa dereva wa ofisi hiyo hiyo, Mturkana kama mimi. Namtaja dereva makusudi, maana wapo wenzetu wanaosimulia habari hizi kana kwamba matusi yaliletwa na lori. Karani alileta mdomo. Lakini mtu aliyempa silaha alikuwa wa kwetu.

Silaha yenyewe ilikuwa salamu. Sisi hatumpiti mtu kimya. Nchi ni kubwa na watu ni wachache, ukimwona mtu unasimama, anakusalimu, unajibu, unamwuliza alikotoka, aliona nini huko, mvua imenyesha wapi, watoto, mbuzi, wagonjwa. Tunaita ngakiro, yaani habari, na habari hainyimwi mtu. Anayepita kimya ana msiba, au amekuja kuiba ng'ombe. Dereva alimweleza karani jambo hili huku wakinywa soda. Akamwambia: kwa hawa wanawake hakuna haja ya ksss. Wewe sema ejok tu, atasimama mwenyewe.

Basi karani akajifunza neno moja la lugha yetu, na kwa hilo moja akavua samaki miezi yote hiyo. Mwanamke anatoka mtoni, debe kichwani, shingo imenyooka, jua linawaka. Karani anasema, "Ejok!" Mwanamke anasimama na uzito wake wote. "Ejok." Hapo karani anaingia kwenye Kiswahili, na sauti ile ile tamu, tabasamu lile lile.

"Ejok, mama! Hiyo miguu umeazima kwa ngamia ama ni ya kwako?"

"Ejok noi," anajibu mwanamke. Nzuri sana.

"Mume wako anakulalia ama anakufunga kamba kwanza?"

"Ejok, ejok noi."

Na benchi linaanguka kwa kicheko. Na mwanamke, Mungu atusamehe, anacheka nao, kwa sababu kwetu watu wakicheka baada ya salamu ni furaha.

Mimi nilikuwa nasikia yote. Shule ilinipa masikio na haikunifundisha la kuyafanyia. Jioni naandika: "Karani amemwambia mama mdogo, shingo imejaa shanga, mdomo umekwisha meno, nani anakubusu wewe, fisi? Mama mdogo akajibu ejok, akamwuliza hali ya mama yake." Kisha, kwa sheria ya msista: "Karani huyo huyo leo amembebea mama mjamzito debe lake mpaka kona ya misheni, na hakumwambia neno baya." Yote mawili ni kweli. Sijui mpaka sasa yanakaaje ndani ya mtu mmoja.

Kwa nini sikumwambia mama mdogo? Nilijiambia ni huruma. Alikuwa anafurahi, kuna mkubwa mmoja mjini anamwona. Sababu nyingine, na hii siipendi, nilikuwa naogopa ataniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Mimi mwenyewe karani alinisema kwa Kiswahili moja kwa moja, maana alijua nasikia. "Wewe wa dispensari, mimi mgonjwa, njoo unipime." Nilikuwa nampita nikiangalia chini. Siku moja akanyoosha mkono, akanivuta leso mabegani, akaivaa kichwani mwake, akaanza kutembea barazani akitikisa makalio na kuita kwa sauti nyembamba, "Dawa! Nani anataka dawa?" Dereva alilala chini akicheka. Na mimi nilicheka. Sikutaka. Lakini alitembea kama bata, ni lazima niseme, na kicheko kilitoka kabla sijakizuia. Karani akanirudishia leso, ameikunja vizuri. Jioni nikaandika lote na mwisho wake: "Nilicheka."

Habari ikatoka. Kakuma habari haihitaji lori. Ilipita kwenye visima, ikaenda na watu wa ngamia, ikafika Nakalale kwa kaka yangu mkubwa, na njiani ikakua. Wiki haikuisha, kaka akaja na mbuzi wa kuuza. Alitua kigoda chake nyumbani kwa mama mdogo, kile kidogo cha kukalia ambacho wanaume wetu hawaachi popote, akakaa, akasema:

"Nimesikia umevuliwa nguo barabarani."

"Ilikuwa leso tu, kaka."

"Leso si nguo?"

Nikaivuta leso nikaifunga upya.

"Nitakaa siku tatu, niuze mbuzi. Ya nne tunarudi Nakalale, mimi na wewe. Utachunga."

"Na kazi yangu?"

"Sikiliza." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Wewe ukibaki, mimi nitasikia tena. Nikisikia tena, nitampiga yule mtu. Nikimpiga, nitafungwa. Nikifungwa, ngamia watabaki na nani? Nionyeshe mahali nilipokosea."

Sikupaona. Nilizunguka hoja yake kama unavyozunguka boma kutafuta mlango, sikupata mlango. Nilikuwa mtu wa pekee Kakuma ambaye mama mwenye mtoto mgonjwa angeweza kumwambia neno na likamfikia daktari bila kupotea. Kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote. Na ilikuwa inaondoka kwa sababu ya leso, na mtu anayetembea kama bata.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa afisa wa tarafa kushtaki. Afisa naye alikuwa mtu wa chini, mpole, mwenye kazi nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tukutane barazani kwake siku inayofuata saa tatu, niende na mashahidi wangu. Mashahidi wangu! Nilikuwa na daftari.

Siku hiyo baraza la ofisi likajaa. Wazee walikuja na vigoda vyao, maana kwetu shauri halina mwaliko. Wanawake walisimama pembeni na madebe matupu. Kaka alisimama nyuma kabisa, fimbo begani, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Na mtafsiri wa ofisi, aliyekuwa akitafsiri mashauri yote pale, alikuwa ni nani? Dereva. Alisimama pembeni ya meza amechana nywele kama mtu anayekwenda kubatizwa.

"Bwana karani," afisa akasema, "umesikia mashtaka?"

"Mheshimiwa, mimi nimeshangaa sana," karani akasema. "Katika hii mji yote, sisi watu wa nje, nani amejifunza lugha ya wenyeji? Ni mimi peke yangu. Mimi nasalimia watu. Nasema ejok. Sasa salamu imekuwa kosa?"

Watu wa ofisini wakaitikia kwa vichwa. Neno lilikuwa zuri.

"Na kama mheshimiwa haamini mimi," akaendelea, "uliza huyu mama. Ni mama mdogo wa huyu msichana. Damu yake mwenyewe!"

Akamwonyesha mama mdogo kwa kidole. Nimefikiri mara nyingi juu ya kidole kile. Mtu gani anamwita shahidi mtu aliyemtukana kila siku? Ni yule tu anayeamini kwamba asiyejua Kiswahili hana masikio.

Mama mdogo akasogea mbele, shanga zake zote shingoni, akasema kwa Kiturkana kile alichokuwa akisema nyumbani: kijana ana adabu, anasalimia wakubwa, mama yake alimlea, na mtoto wa dada yangu labda amechoka na kazi. Dereva akatafsiri. Alitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Mtu akisema unachotaka, kazi ya kutafsiri ni nyepesi sana.

Afisa akanitazama. "Una la kuongeza?"

Daftari lilikuwa ndani ya leso. Nikisoma, mama mdogo atasikia mbele ya wazee na majirani. Nisiposoma, keshokutwa nafuata mbuzi. Ningependa kusema nilifikiria wanawake wote wa Kakuma. Nilifikiria Nakalale.

"Nina maandishi," nikasema. "Nitasoma kwa Kiswahili, halafu nitatafsiri mimi mwenyewe."

"Mtafsiri yuko," dereva akasema haraka.

"Mtafsiri yuko ndani ya maandishi," nikasema. Wazee wakapenda hiyo. Afisa akanipa ishara nisome.

Nilikuwa nimefundishwa dispensari kwamba mgonjwa akisema tumbo nisiseme kifua. Kwa hiyo nilisoma yote, mazuri yake kwanza halafu mabaya, sikuruka. La kwanza lilikuwa lile la mama mjamzito na debe lake kubebwa mpaka kona ya misheni.

"Ni kweli!" karani akaruka. "Mheshimiwa, ni kweli kabisa! Huyo mama yuko pale, anisute!" Mama mwenyewe akainua mkono, mtoto mgongoni.

Nikasoma lingine: siku aliyompa mzee mmoja lifti ya baiskeli. "Kweli!" Siku aliyomkemea dereva kwa kurusha chupa. "Kweli tupu! Hii msichana anaandika vizuri, nimemkosea bure."

Afisa akashika tama. "Kwa hiyo daftari hili linasema ukweli?"

"Herufi kwa herufi, mheshimiwa."

Dereva alimtazama karani kama unavyomtazama mtu anayeingiza mguu kwenye kisima. Yeye alikuwa ameanza kuelewa. Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye mabaya.

Nilisoma la ngamia. Nikalitafsiri. Nilisoma la kamba. Nikalitafsiri, na macho yangu yalikuwa kwenye karatasi kwa sababu mwenye kuambiwa hilo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mama wa watoto saba. Wazee walikoma kutafuna tumbaku. Kisha nikafika kwenye shanga, meno na fisi, nikalisema lote.



"Rudia," akasema mama mdogo.

Nikarudia.

"Mimi niliambiwa hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilimjibu nini?"

"Ulimwambia ejok noi. Ukamwuliza mama yake hajambo."

Akafunika mdomo wake kwa kiganja. Alikuwa mwanamke wa kucheka sana, mapengo yake tulikuwa tumeyazoea. Kuanzia siku hiyo hakucheka bila kiganja, na hilo karani hakulirudisha kamwe.

Nilipofika kwenye siku ya leso nilikuwa na nafasi ya kuishia njiani. Hakuna ambaye angejua. Nikasoma mpaka neno la mwisho: nilicheka. Karani akalishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika mzizi. "Mheshimiwa! Amecheka! Amesema mwenyewe!"

Na afisa, naye nitamtendea haki, alikuwa amechukizwa kweli kweli, uso wake ulionyesha. Lakini afisa ana vitabu vyake. Akasema maneno ni mabaya sana, ila hakuna aliyepigwa wala kuumizwa, leso ilirudishwa, na mlalamikaji mwenyewe alicheka. Karani aombe radhi. Karani akaomba, kwa Kiswahili, akiangalia kalamu. "Na nyinyi akina mama," afisa akamalizia, "mtu asiyefaa akiwasalimia, msijibu. Piteni tu. Kujibu si lazima."

Dereva alipotafsiri hilo wazee walitazamana. Ungefikiri mkubwa amewaambia wanawake wapite uchi. Kutojibu salamu! Mzee mmoja akauliza kwa upole kama mkubwa ana homa.

Mama mdogo akaondoa kiganja mdomoni. "Mwambie mkubwa," akaniambia mimi, si dereva, "sisi tutajibu. Salamu ya mtu hatuiachi njiani. Kosa letu ni kwamba tulikuwa tunaijibu nusu."

Asubuhi ya tatu nilikuwa naelekea dispensari, nikijua ni siku yangu ya mwisho, nikaona wanawake wamejipanga mbele ya duka, kumi na tisa. Niliwahesabu kwa ajili ya daftari. Madebe yalikuwa chini. Karani akatokea na suruali yake ya pasi, akaona, akapunguza mwendo. Mama mdogo akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Ejok."

"Ejok," karani akasema, na akataka kupita. Mkono haukuachiliwa.

"Wewe njoo hapa," mama mdogo akaniita. "Mtafsirie. Mwulize, huko kwao mvua imenyesha?"

Nikamwuliza. "Sijui," karani akasema, "nimechelewa kazini, mama."

"Anasema hajui."

"Hajui mvua ya kwao! Pole sana. Ng'ombe wao wanakunywa wapi?"

"Mimi sina ng'ombe. Mimi karani."

"Anasema hana ng'ombe."

"Uuuwi!" wanawake wote kumi na tisa. "Walikufa na ugonjwa gani?"

Jua likaanza kupanda. Waliuliza baba yake, mbuzi, jirani, kisima, mguu wa babu kama unauma, njia aliyokuja nayo na alichokiona kila mahali pa kulala. Hakuna tusi hata moja, nilisikiliza kwa makini. Mama mdogo alipomaliza akaushika mkono ule ule akamkabidhi wa pili, na wa pili akaanza tena kwenye mvua. Dereva alijaribu kuzunguka nyuma ya duka. Huko akakutana na shangazi yake mwenyewe, na yeye hakuwa hata na bahati ya kutojua lugha. Alitaja ndugu zake wote mpaka waliokufa.

Mwenye duka alicheka mpaka akashika mlango. Wakamsalimu na yeye.

Mnamo saa nne afisa akaja kwa miguu kuona kwa nini ofisi yake haijafunguliwa. Akamkuta karani wake katikati ya mtaa, shati limeshika mgongoni, mkono wake mikononi mwa bibi wa sita.

"Kuna nini hapa?"

"Wanamsalimu, mheshimiwa," nikasema.

"Mpaka lini?"

"Wamebaki kumi na watatu."

Alisimama akatafuta sheria kichwani, na nadhani hakuipata. Akageuka akarudi. Sikumwona akicheka. Niliona mabega tu, yakitikisika.

Zamu ilipokwisha, mama mdogo akarudi mbele tena. "Nimesahau kuuliza. Mama yake hajambo?"

Karani alikuwa amechoka. "Anaumwa," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya mtu. "Barua haijafika tangu mwezi uliopita."

Nikatafsiri. Mama mdogo akafikiri.

"Mwulize, mama yake amebaki na meno mangapi?"

Nilisita. Halafu nikasema tumbo kwa tumbo. Karani akainamisha kichwa.

"Machache," akasema.

"Mwambie namsalimu sana," akasema mama mdogo, akauachilia mkono.

Walifanya hivyo kila asubuhi mwezi mzima. Mwishowe karani akawa anakwenda ofisini kwa kupitia mtoni, katikati ya miiba, na suruali ikaanza kufanana na za watu wengine. Nisiseme uongo, mambo hayakuishia kwenye haki. Mwalimu mpya alipofika wanawake walimsalimu wiki nzima kwa tahadhari, na yule kijana hakuwa amemkosea hata kuku. Alikijua Kiturkana haraka kuliko mgeni yeyote. Benchi nalo lilihamia nyuma ya duka, mahali ambapo hakuna anayepita, wakabaki kuambiana wenyewe kwa wenyewe walivyo wazuri. Na nilipotumwa Lodwar kuchukua dawa, benchi la kule nililikuta pale pale. Ksss, ksss. Sikugeuka, na mbuzi wa mtu akapotea shauri yake.

Lakini nirudi kwenye siku ya tatu. Kaka alikuwa amekaa ng'ambo ya mtaa tangu asubuhi, juu ya kigoda chake, fimbo magotini, anatazama bila kuelewa neno. Mtaa ulipopungua watu akaniita.

"Yule mtu alikuwa anasema nini?"

"Mwanzoni alisema amechelewa kazini. Halafu alisema hana ng'ombe. Halafu akasema mama yake anaumwa, na meno yake ni machache."

"Alisema hivyo? Wewe umesikia?"

"Nimesikia."

Akacheka kidogo kwa pua. Kisha akachora mchangani kwa ncha ya fimbo. Nilingoja aseme nikafunge vitu vyangu. Nilikuwa nimeshavifunga, ila hilo sikumwambia.

"Jana," akasema, "dada yake mama yetu alikuwa anamsifu mtu anayemtukana. Mbele ya mji wote. Na mimi nilisimama pale na fimbo, namwona kijana ana uso mzuri." Akainuka, akachukua kigoda. "Ukienda kuchunga, nani atakuwa anasikia?"

Sikujua kama ilikuwa ruhusa au swali tu.

"Nirudie moja," akasema. "Lile la ng'ombe."

"Alisema, mimi sina ng'ombe, mimi karani."

Akaenda zake akilirudia kwa Kiturkana, taratibu, kama mtu anayebeba habari ya kupeleka mbali. Alfajiri aliondoka na mbuzi wawili waliokosa mnunuzi. Mimi saa mbili nilipita mbele ya duka kwenda dispensari, ambako mama mmoja alikuwa amekaa mlangoni na mtoto mwenye homa, akinisubiri mimi.